Wanafunzi wa BIS waanzie dukani, kompyuta itawakuta hukohuko

Kila mwaka wanafunzi wapya wakiripoti napewa mwaka wa kwanza wa digrii ya mifumo ya taarifa za biashara, wenyewe wanaiita BIS, na swali langu la kwanza ni lilelile, umekuja kusoma nini? Wengi wanajibu kompyuta. Wengine wanasema kompyuta na biashara kidogo. Mi naona hilo jibu ndo linalotuharibia watoto miaka mitatu mizima, na kosa sio lao, ni la sisi tunaowafundisha.

Nilifundishwa hivyohivyo na mimi. Lekcha ya kwanza mwalimu kaingia na slaidi, hadwea ni sehemu za kompyuta zinazoshikika, softwea ni zile zisizoshikika, mfumo wa taarifa una vitu vitano, andikeni. Tukaandika, tukameza, tukafanya mtihani, nikafaulu bila sapu hata moja. Naingia kazini naambiwa nenda kakae na watu wa stoo uwaulize mzigo unaingiaje na unatokaje, nikakosa hata swali la kuanzia. Inaniuma mpaka leo.

Kwa hiyo mi sianzii maabara. Naanzia dukani kwa shangazi yangu.

Shangazi ana duka la rejareja hapa Tanga, Ngamiani kwenye zile barabara za namba. Hana kompyuta. Ana daftari la madeni, kalamu imefungwa kamba kwenye kaunta, boksi la chenji, na binti anayemsaidia. Robo ya sukari ikitoka kwa mkopo anaandika jina, kitu, hela na siku. Jioni anafunga hesabu. Kabla hajaenda kuchukua mzigo wa jumla anapekua kurasa anaona kipi kimeisha, nani analipa kwa wakati, nani anamzungusha, hapo ndo anaamua anunue nini na nani asimkopeshe tena mpaka amalize la zamani. Sasa ile piramidi inayochorwa kwenye vitabu vyote vya somo hili, chini miamala, katikati ripoti, juu maamuzi, si ndo hiyo hapo kwenye kaunta ya mbao? Mwanafunzi akishaiona kwa shangazi hahitaji kuikariri tena.

Halafu nawafungulia ukurasa mmoja wa lile daftari, kwa ruhusa yake, na majina nayabadilisha kwanza sababu deni la mtu ni siri yake, na siku hizi tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ambayo nataka waijue toka wiki ya kwanza wasije kuikuta mwaka wa tatu kama mada ya pembeni. Kwenye ukurasa kuna Mama Asha, kuna Bi Mwajuma, kuna "mama wa mwembeni". Nawaambia hao ni mtu mmoja. Shangazi akiandika ni Mama Asha, binti akiandika ni mama wa mwembeni, siku akija mume wake kuchukua mkate deni linaandikwa Bi Mwajuma, jina la mke la kuzaliwa, basi deni moja linakaa sehemu tatu na jumla haipatikani. Tufanyeje? Hapo darasa linawaka. Mmoja anasema tumwandike kwa namba ya simu, mwingine anamkatalia, ana laini mbili huyo, na moja kasajiliwa na mwanawe. Mwingine anasema namba ya NIDA, anaulizwa we utaenda kununua kiberiti na kitambulisho? Mwisho wanafika wenyewe kwenye wazo kwamba duka limpe kila mteja namba yake ambayo haibadiliki hata akihama mtaa. Hapo ndo nawatajia Edgar Codd, Mwingereza aliyekuwa akifanya kazi kampuni ya kompyuta ya IBM kule Marekani, ambaye mwaka 1970 aliandika namna ya kupanga data kwenye majedwali kila mstari ukiwa na ufunguo wake wa kuutambulisha, na hifadhidata nyingi za mabenki na maduka mpaka leo zimesimama juu ya wazo lile. Ukimwanzishia mtoto na Codd anasinzia, ukimwanzishia na Mama Asha anamtafuta Codd mwenyewe.

Kuna habari nyingine nawapa na huwa hawaiamini. Kompyuta ya kwanza kufanya kazi za kila siku za biashara haikutengenezwa na kampuni ya kompyuta, ilitengenezwa na watu wa chai na mikate. Kampuni ya J. Lyons ya Uingereza ilikuwa na migahawa ya chai na kiwanda cha kuoka, na mwaka 1951 mashine yao waliyoiita LEO ikaanza kupiga hesabu za thamani ya mikate na keki zao. Lakini mi ninachotaka wakishike ni kwamba Lyons walikuwa na kitengo cha kuchunguza karatasi zao miaka mingi kabla ya hiyo mashine, fomu hii inatoka kwa nani, inaenda kwa nani, kwa nini inaandikwa mara mbili. Mashine ilikuta nyumba imeshafagiliwa.

Na kwetu tuna mfano wa upande wa pili. Tanzania ilipata kompyuta yake ya kwanza Wizara ya Fedha mwaka 1965, na mwaka 1974 serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini, baada ya kazi ya kuhamishia hesabu za serikali kwenye mashine kwenda mrama na hela nyingi kupotea. Wataalamu wa kwetu walikuwa wachache mno wakati ule. Nikiwasimulia hilo wanashangaa, wanadhani nchi ilikuwa inaogopa maendeleo, na mi nawaambia hapana, ilikuwa imeungua.

Kuungua kwenyewe bado kupo. Jamaa yangu mmoja ana duka la vifaa vya ujenzi hapahapa mjini, akauziwa programu ya mauzo na kompyuta na printa ya risiti, fundi akaja kufunga, akafundisha siku moja akaondoka zake. Ndani ya miezi michache programu ikawa inaonesha misumari hasi, yaani imeuzwa zaidi ya iliyonunuliwa. Kumbe misumari inaingia kwa boksi la kilo 25 inauzwa kwa robo kilo, na hakuna aliyeiambia programu kwamba hivyo ni vipimo viwili. Na vijana wanaoshusha mzigo kwenye lori usiku hawakufundishwa kuingiza chochote, hawakuulizwa kabisa. Jamaa akarudi kwenye daftari, kompyuta ikafunikwa kitambaa. Aliyeshindwa pale sio jamaa yangu, ni sisi tunaotoa wahitimu wanaojua kubofya ila hawajawahi kukaa na mshushaji mzigo wakamuuliza kazi yake inaendaje.

Wiki ya pili wanakaa na mawakala wa pesa kwa simu. Huko napapenda kuliko kote. Chukua wakala mwenye mtaji wa milioni moja, laki sita iko kwenye floti, yaani hela yake ya kwenye simu, laki nne ni keshi mkononi. Mteja akija kuweka laki moja keshi inapanda kuwa laki tano, floti inashuka kuwa laki tano, jumla milioni ileile. Akija wa kutoa inageuka upande wa pili. Kamisheni ukiiweka pembeni, jumla isipobaki palepale ujue kuna muamala umekosewa namba au kuna noti imepotea, na wakala mzuri anakagua hilo mara kadhaa kwa siku bila kuwahi kusoma uhasibu. Mwanafunzi akishaelewa hapo, uingizaji wa pande mbili wa kihasibu, kwamba kinachoingia huku lazima kionekane kimetoka kule, unamwingia kama maji, na ile kanuni kwamba muamala ama ufanyike wote ama usifanyike kabisa anaielewa sababu kaona mteja aliyekatwa hela na floti haikufika, na fujo iliyotokea pale kibandani.

Wenzangu kazini wananiambia unawachelewesha hawa watoto, waajiri wanataka mtu anayejua kuandika kodi, yaani yale maelekezo ya programu, sio kodi ya serikali, na kutengeneza aplikesheni. Nawaelewa na sibishi, kodi lazima waijue, na semesta hiyohiyo wanaianza. Ninachobisha ni mpangilio. Mtu anayejua kodi na hajui duka atakutengenezea kitu kizuri cha kuangalia ambacho mwenye duka hatakigusa. Wengine wanasema sokoni kuna kelele, wanafunzi watazurura. Kuna wanaozurura, kweli, ila hata darasani wapo.

Mwaka jana kulikuwa na binti kutoka Muheza, baba yake ana miti ya michungwa. Alikuwa kimya sana, mi nikadhani somo halimpandi. Siku ya kuwasilisha asaimenti akasimama akaeleza kwamba mnunuzi anakuja shambani machungwa yakiwa bado mtini, anatoa bei, na bei hiyo inatokana na simu aliyopiga Dar asubuhi ile, wakati baba yake hana wa kumpigia. Akachora ubaoni mshale wa machungwa unaenda Dar, mshale wa hela unarudi, na mshale wa habari unaoishia kwa mnunuzi tu haufiki shambani. Akaniuliza, "Mwalimu, kwa hiyo hapa tatizo la baba sio machungwa?" Darasa zima likanyamaza. Hakuwa ameshika kompyuta hata mara moja kwa kazi ile, na ule mchoro ni uchambuzi wa mfumo kuliko miradi mingi ya mwaka wa tatu niliyosahihisha.

Jumatatu wapya wanaanza. Nimeshaongea na mawakala wawili na shangazi kakubali tena, kasema wasije wote kwa mkupuo wakamzibia wateja mlango. Kundi la kwanza tunakutana soko la Mgandini saa moja asubuhi, waje na daftari na kalamu, laptopu waache hosteli.