Mjomba, hawa watu wana mila

Nilituma video ya nusu dakika kwenye grupu la ukoo. Asubuhi ya tarehe 3 Oktoba, foleni nje ya De Waag, jengo la zamani la mizani hapa mjini Leiden, Uholanzi, watu wanatoka na samaki na mkate. Hata chai yangu haijapoa, mjomba wangu wa Tanga kajibu kwa sauti, dakika nne nzima. Kwamba Wazungu wamekosa la kufanya. Kwamba mtu mzima na akili zake anapanga foleni apewe samaki mbichi. Kwamba hawa hawana mila, wana biashara zenye tarehe tu. Shangazi akamalizia: "kweli kabisa."

Shikamoo mjomba. Kule nilinyamaza kwa adabu. Hapa ni kwangu, acha niseme.

Kwanza huyo haring si mbichi hivyo unavyodhani, amelazwa kwenye chumvi. Nawe ndiye uliyenilea kwa ng'onda, ile ambayo ukipanda nayo basi abiria wanafungua madirisha. Leo samaki wa chumvi anakutia kinyaa?

Sasa tuje kwenye njaa, maana hapo ndipo uliponiudhi. Mwaka 1574 mji huu ulikuwa umezingirwa na jeshi la Hispania. Walikuja mara ya kwanza mwaka uliotangulia, wakaondoka, mji ukajisahau usijaze maghala, na mwezi Mei wakarudi. Chakula kikaisha. Watu wakala farasi, wakala mbwa na paka. Inakadiriwa theluthi ya wakazi walikufa, kwa njaa na kwa tauni. Wasimulizi wanasema watu walipomzonga meya, Van der Werff, wakitaka mji usalimu amri, aliwaambia heri wamkate mkono wake wale. Hadithi tu, labda, lakini sanamu yake ipo bustanini. Jaribu kumwomba diwani wako kidole.

Kilichowaokoa ni maji. William wa Orange, kiongozi wa uasi dhidi ya Hispania, na wenzake waliamua kingo za kuzuia maji zibomolewe, mashamba yazame, mashua zipite juu ya malisho ya ng'ombe mpaka mjini. Mkulima anaambiwa shamba lako tunalifanya bahari ili wale walio ndani ya kuta wapate kula! Na maji yenyewe yakagoma. Wiki zikapita yakiwa mafupi, mashua zimekwama kwenye tope, hadi upepo ulipogeuka na kuyasukuma. Usiku wa kuamkia tarehe 3 Oktoba Wahispania wakakimbia. Asubuhi mashua zikaingia, na walichowagawia wenye njaa ni haring na mkate mweupe.

Mjomba, ndicho hichohicho kinachogawiwa De Waag. Hawajengi mnara wakatoa hotuba wakaenda nyumbani. Wanakupa kiganjani kile alichopewa mtu wa 1574. Chama kinachosimamia sherehe kipo tangu 1886, mtu analipa ada yake ndogo, anakwenda na kadi anapewa fungu lake. Hakuna mgeni rasmi wa kusubiriwa mpaka jua liwe la utosi. Saa moja asubuhi watu wamekwishakusanyika mbele ya ukumbi wa mji wanaimba, wengine wakiwa bado na pombe ya jana kichwani.

(Na hili utalipenda. Wale waasi wa mashuani, Geuzen, yaani ombaomba, baadhi yao walivaa nishani za umbo la mwezi mwandamo zilizoandikwa kwamba heri Mturuki kuliko Papa. Wakristo watupu! Chuki ya jirani ina mambo.)

Haya, nakubali baadhi. Jioni mji mzima unanuka bia na mafuta ya kukaangia. Mabembea ya umeme yanapiga kelele, na kuna watoto wa chuo ambao ukiwauliza 1574 kulikuwa na nini watakwambia mpira. Hata hutspot, ule mseto wao wa karoti, vitunguu na viazi vya kuponda, una uongo ndani. Wanasimulia kwamba mvulana mmoja aliukuta sufuriani kwenye ngome iliyoachwa na Wahispania, na sufuria lenyewe liko makumbusho ya De Lakenhal. Wakati ule viazi mviringo havikuwa chakula cha huku. Sawa. Na ndiyo, watu hawahawa waliojua njaa ya kuzingirwa walikwenda visiwa vya Banda, Indonesia ya leo, mwaka 1621, wakaua na kutawanya wenyeji kwa ajili ya kungumanga. Hilo haliliwi kwa mkate tarehe yoyote, na mimi sitawatetea.

Lakini biashara tupu, hapana.

Chini yangu anaishi bibi mmoja wa miaka themanini na kitu. Kila tarehe 2 Oktoba jioni anapanda ngazi na sufuria la hutspot limefungwa taulo, kwa sababu mwaka wangu wa kwanza nilimwambia sijawahi kuionja. Alikuwa mtoto mdogo majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walipokata chakula na watu wakafa njaa kwa maelfu magharibi ya nchi hii. Kwao walikula vitunguu vya maua ya tulipu. Halafu ukaja unga kutoka Sweden, ukaokwa mkate mweupe. Anasema mama yake aliukata vipande vyembamba mno, ukikiinua kimoja unaona taa kwa upande wa pili.

Kwa hiyo yule ukimpa mkate mweupe tarehe 3 Oktoba, sijui anakula wa mwaka gani.

Mwaka huu magoti yamemkatalia foleni, kanipa kadi yake nimchukulie. Nilirudi nikamwekea mezani. Haring akanisukumia mimi, eti chumvi daktari kamkataza. Mkate akaumega polepole mpaka ukaisha, kisha akalowesha ncha ya kidole kwa ulimi, akaokota makombo mezani moja moja, hata lile lililokuwa limeangukia upande wangu.