Samaki kwanza au bei kwanza?

Pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba jijini Mwanza, mama muuza sato hakutajii bei ukifika. Anakushikisha samaki, anafunua mashavu uone wekundu. Bei utaisikia ukiwa tayari umemtamani. Nenda kwenye mitumba ya mjini uone kinyume chake: muuza mitumba anaanza na "buku mbili, buku mbili!", shati utalichambua baadaye.

Huwakumbuka hawa wawili ninaposikia kwamba sayansi ya ubongo ni mbinu mpya ya kuingia vichwani mwa wateja. Hofu hiyo ina msingi, maana kampuni hulipia tafiti za namna hii ili ziuze zaidi. Ila tuangalie kilichopatikana.

Mwaka 2007 mtafiti wa ubongo Brian Knutson na wenzake waliwalaza watu 26 kwenye MRI, mashine inayopiga picha za ubongo, wakawaonyesha bidhaa, kisha bei, kisha wakawaachia uamuzi. Bidhaa ikivutia, nukliasi akambensi, sehemu ya ndani ya ubongo inayohusika na kutarajia jambo zuri, ilichangamka. Bei ikizidi, iliamka insula, sehemu nyingine ya ubongo inayohusika pia na maumivu na kinyaa. Yote hayo kabla mtu hajajibu. Watu 26 ni wachache, kweli, na kutabiri kwa picha hizo nani atanunua kulizidi kubahatisha kwa kiasi tu. Russell Poldrack, mtafiti mwingine wa ubongo, naye alionya mwaka 2006 kwamba sehemu moja ya ubongo hufanya kazi nyingi, hivyo insula ikiamka huwezi kusema moja kwa moja kuwa mtu anaumia. Anayetangaza kwamba anasoma mawazo ya mteja anatia chumvi.

Kwangu uzito uko kwenye utafiti wa mwaka 2015. Uma Karmarkar, Baba Shiv na Knutson waligeuza mpangilio, bei ikatangulia. Bidhaa ikitangulia, mnunuzi hujiuliza, "Naipenda?" Bei ikitangulia, hujiuliza, "Inastahili pesa hii?" Na bei kutangulia kulisaidia hasa vitu vya matumizi vilivyouzwa kwa bei nafuu. Sato huuzwa kwa hamu, shati la buku mbili kwa unafuu. Wauzaji wetu walilijua hili sokoni, bila mashine.

Aliyebaki nyuma ni mnunuzi. Tukiikimbia elimu hii kwa hofu, tunawaachia wauzaji peke yao. Tazama ujumbe wa mkopo wa simu: mara nyingi hutanguliza kiasi utakachopokea, ada ikafuata chini, wakati moyo umeshakubali. Jumla ya kurejesha ingeandikwa mstari wa kwanza, kabla ya kitu kingine chochote.