Barafu ya Kibo Ielezwe kwa Ukweli

Uwanja wa Barafu wa Kaskazini, ulio mkubwa kuliko mabaki yote ya barafu ya Kibo, kilele kirefu zaidi cha Kilimanjaro, una kuta zilizosimama wima kana kwamba zimekatwa kwa msumeno. Ukizisogelea unaona matabaka, mengine meupe, mengine yametiwa weusi na vumbi, na chini yake mchanga wa volkano ambao mara nyingi ni mkavu.

Ukavu huo ndio ulionisukuma kuandika. Kwa muda mrefu tumewaambia wageni, na kujiaminisha wenyewe, kwamba barafu ikiisha mito ya Uchagani itakauka. Sivyo. Sehemu kubwa ya barafu hiyo hugeuka mvuke moja kwa moja kwa ukali wa jua, bila kuwa maji kwanza, ilhali maji yanayopita kwenye mifongo, yaani mifereji ya asili ya Wachagga, hadi kwenye vihamba, yaani mashamba ya nyumbani ya migomba na kahawa, hutoka hasa kwenye mvua na ukungu unaonaswa na msitu.

Sisemi kwamba barafu haina thamani. Wachagga waliijua vizazi vingi kabla mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann hajaiona mwaka 1848 na kukataliwa na wasomi wa Ulaya walioona theluji karibu na ikweta kuwa jambo lisilowezekana. Na usiku wa Uhuru, Desemba 1961, ofisa wa jeshi Alexander Nyirenda aliuwasha Mwenge juu ya kilele cha Kibo, chenye mita 5,895. Waongozaji, wapagazi na wapishi hulisha familia zao kwa wageni ambao wengi wao huvutwa na weupe ule. Mwaka 1912 barafu ilifunika takriban kilomita za mraba 12. Kufikia 2011 zilikuwa zimebaki pungufu ya 2, na UNESCO ilitahadharisha mwaka 2022 kwamba huenda itatoweka kabla ya 2050. Hasara hiyo inaniuma sana.

Hata hivyo, naona ni kosa kuulilia weupe wa kileleni huku moto na shoka vikila msitu ulio chini yake. Uamuzi wa mwaka 2005 wa kupanua Hifadhi ya Taifa ili iuingize msitu huo ulikuwa na manufaa makubwa kwa wananchi, nami ningependa kila mwongozaji aueleze kwa mgeni wake wakiwa bado njiani chini ya miti, kabla barafu haijaonekana.