Dirisha la Köln: kardinali alikosea kuhusu msikiti, hakukosea kuuliza

Agosti 2007, Kanisa Kuu la Köln, Ujerumani, lilizindua dirisha jipya upande wa kusini. Gerhard Richter, mchoraji maarufu anayeishi mji huo huo, alijaza zaidi ya mita za mraba 100 kwa vipande 11,263 vya kioo vya rangi 72, na mpangilio wake kwa sehemu kubwa akaiachia kompyuta iupange kwa bahati nasibu. Hakuna mtakatifu wala msalaba. Kardinali Joachim Meisner, askofu mkuu wa jimbo, hakutokea kwenye uzinduzi. Baadaye akasema dirisha lile lingefaa zaidi msikitini au katika nyumba nyingine ya ibada, na kwamba dirisha la kanisa lionyeshe imani yetu, si imani yoyote tu.

Akachekwa, na kwa hilo la msikiti alistahili. Mwaka ule ule mji ulikuwa ukigombana juu ya msikiti mkubwa uliopangwa kujengwa katika mtaa wake wa Ehrenfeld, hivyo neno lake likaangukia kuni kavu. Hata kisanaa alikosea. Maandishi ya Kikufi, mtindo wa kale wa hati ya Kiarabu, yaliyochongwa katika msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 1107, na fundi wake alijua kila herufi inakaa wapi na kwa nini. Kompyuta ya Richter haikujua lolote.

Lakini sehemu ya pili ya kauli yake ilizikwa pamoja na ya kwanza, na hapo ndipo naona alionewa.

Baraza la mapadre wa kanisa lile halikuanza na rangi. Lilitaka wafiadini wa karne ya 20, miongoni mwao Maximilian Kolbe na Edith Stein. Kolbe, padre wa Poland, alijitolea kufa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi, mwaka 1941 mahali pa mfungwa mwenzake aliyekuwa na mke na watoto. Stein alizaliwa katika familia ya Kiyahudi, akawa Mkatoliki, na mwaka 1933 akaingia utawa wa Wakarmeli hapo hapo Köln. Mwaka 1938 alikimbilia Uholanzi. Mwaka 1942 aliuawa Auschwitz.

Sasa piga picha: Mpolandi na mwanamke wa Kiyahudi, wote wameuawa na dola ya Kijerumani, wanang'aa juu ya vichwa vya Wajerumani wakati wa misa. Katika mji wenye Waturuki, Waitaliano, Wapoland na wasio na dini kabisa, ni picha gani ingezungumza zaidi juu ya kuishi na jirani asiye wa kwenu? Mturuki wa Köln hahitaji kuamini Utatu ili amwelewe mtu aliyefukuzwa kwa sababu ya ukoo wake.

Watetezi wa dirisha wanasema kioo kisicho na sura kinamkaribisha kila mtu, na hawasemi ovyo. Kioo cha rangi cha zamani kilivunjika vitani, na kile cheupe kilichokipokea kiliumiza macho. Leo jua la mchana likipita, nguzo za mawe zinapakwa nyekundu na buluu, na mgeni anajikuta shati lake limegeuka kijani. Rangi zile 72 zilitokana na vioo vya zamani vya kanisa lenyewe. Richter hakudai malipo, na gharama zililipwa na wafadhili zaidi ya 1,000. Ni dirisha zuri, sibishi.

Ila naishia kwenye ile 11,263. Mtoto akiuliza "huyu ni nani?" mbele ya kioo cha kale, mama yake ana kisa cha kumsimulia. Mbele ya hiki, maelezo huanza na hesabu: vipande vingapi, rangi ngapi, kompyuta ilifanya nini. Mwislamu, Myahudi na Mkristo wote wanapata hesabu ile ile, na huo ndio usawa wanaopewa.

Richter simlaumu. Alijaribu njia ya sura, akaona haimfai. Kisha akaweka kiolezo cha dirisha juu ya picha ya mchoro wake wa rangi 4,096 wa mwaka 1974, akaona amepata. Alitoa alichokuwa nacho. Baraza ndilo lililokuwa na Stein mkononi, tena mtawa wa mji huo huo, na lingeweza kumtafuta mchoraji mwingine.