Diski moja ikikosekana, kompyuta nzima inagoma
Jamani, hili linanikera mno. Asubuhi nafungua stesheneri hapa Mwanga, Kigoma, wanafunzi wamesimama na flashi zao mkononi, nawasha kompyuta inayotumia mfumo endeshi wa Linux: inasubiri sekunde 90 nzima, kisha skrini nyeusi, maandishi meupe, inadai nenosiri la root, yaani msimamizi mkuu wa mfumo. Kisa? Diski ya nje ya kuhifadhia nakala. Mdogo wangu kaichomoa jana akaenda nayo nyumbani. Diski ya akiba tu! Mfumo mzima upo, printa ipo, lakini mstari mmoja kwenye /etc/fstab, faili lenye orodha ya diski za kuunganishwa kompyuta inapowaka, unazuia kila kitu. Neno nofail (yaani diski isipopatikana, endelea tu) kwenye mstari ule lingetosha, kompyuta ingewaka bila kuisubiri. Fundi aliyeniwekea alilijua, hakuliandika. Wateja watatu wameondoka.