Picha za sebuleni na mlango wa makumbusho

Mzee mmoja wa komini ya Katuba, hapa Lubumbashi, ana picha kumi na moja za rangi katika sebule yake. Zote zilichorwa miaka ya 1970 juu ya vitambaa vya magunia ya unga. Katika mojawapo, Lumumba anashuka kwenye ndege akiwa amefungwa mikono, na ukiigeuza utaona herufi za kiwanda cha unga bado zinajitokeza kati ya nyuzi. Watoto wake wanamsihi azitoe kwa taifa ziwekwe katika jumba la makumbusho. Yeye anasita, na aliniomba maoni. Nilimwomba muda, kwa kuwa swali hilo linazihusu familia nyingi za mji huu.

Picha kama hizo watu wa hapa waliziita ukumbusho, neno lenye mzizi mmoja na makumbusho yenyewe. Mgeni alipoingia ndani, macho yake yaliangukia ukutani, akauliza, na mwenye nyumba akaanza kusimulia: huyu ni afande wa wakati wa Wabelgiji, huyu anachapwa kiboko, yule anayelia ni mke wake. Picha ilikuwa nusu ya kazi, na nusu ya pili ilikuwa kinywa cha baba. Ikihamia katika jengo la serikali itapata paa, mlinzi na macho ya watu wengi, ila msimuliaji wake atabaki nyumbani. Hoja hii ya mzee naiona kuwa nzito, na wanaoipuuza hawajawahi kuketi katika sebule ya namna hiyo.

Hata hivyo, sebule haidumu. Mchwa wapo, mvua ya Januari ipo, na siku ya kugawana urithi ipo, ambapo kila mtoto huondoka na picha yake na mkusanyiko ukawa umekwisha. Yupo pia mnunuzi mwenye fedha taslimu anayefika wakati familia ina msiba. Tunayo mifano. Tshibumba Kanda-Matulu, mchoraji wa mji huu, kati ya 1973 na 1974 alimuuzia Johannes Fabian, aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu hapa, zaidi ya picha 100 zinazosimulia historia ya Kongo, na Fabian akarekodi maelezo ya mchoraji kwa Kiswahili chetu cha Lubumbashi. Tshibumba alitoweka mwanzoni mwa miaka ya 1980. Picha hizo, zilizoanza kama mkusanyiko wa mtu binafsi, leo ni mali ya umma huko Amsterdam, katika makumbusho yaliyojulikana kwa miaka mingi kwa jina la Tropenmuseum. Simlaumu Fabian, kwa maana bila yeye huenda mfululizo huo ungetawanyika na sauti ya Tshibumba isingesikika tena. Lakini mtoto wa Katuba anayetaka kuziona anahitaji viza.

Hofu ya mzee kuhusu serikali nayo ina ushahidi, na ushahidi ulio karibu nasi zaidi uko Nairobi. Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, alishika cheo hicho kwa miezi michache tu mwaka 1966, kisha akatumia maisha yake kukusanya sanaa za Afrika, stempu na vitabu, vikiwemo zaidi ya 8,000 vilivyochapishwa kabla ya mwaka 1900. Aliwakatalia wanunuzi wa ng'ambo, akaiuzia serikali ya nchi yake mkusanyiko pamoja na nyumba yake ya Muthaiga kwa bei nafuu, kwa makubaliano kwamba nyumba ile ingekuwa taasisi ya masomo ya Afrika. Taasisi haikujengwa, na nyumba ikabomolewa. Vitu vyenyewe, hata hivyo, vimebaki: sehemu kubwa iko katika jengo la Nyaraka za Taifa, lililokuwa benki zamani, ambapo mwanafunzi yeyote anaweza kuingia. Kila upande unaweza kumtaja Murumbi kama shahidi wake. Mimi najifunza kwake kwamba vitu vilivyokabidhiwa mahali penye jengo na watumishi viliokoka, na kilichotegemea ahadi tupu kilianguka.

Je, masharti makali yangemsaidia Murumbi? Albert Barnes wa Pennsylvania, Marekani, alijaribu. Aliweka picha zake katika wakfu, zikiwemo 181 za Renoir na 69 za Cézanne, wachoraji mashuhuri wa Ufaransa, pamoja na vinyago vya Afrika, akaagiza kwamba hakuna kitakachohamishwa kutoka ukuta wake, na akakipa chuo kikuu cha Lincoln, kilichoanzishwa kwa ajili ya Wamarekani weusi, haki ya kupendekeza wajumbe wa bodi. Alifariki mwaka 1951. Wakfu ulipoishiwa fedha, mwaka 2004 hakimu aliruhusu mkusanyiko uhamishwe na bodi ipanuliwe, na mwaka 2012 ukafunguliwa katikati ya Philadelphia. Watazamaji waliongezeka, lakini sauti ya Lincoln ilipungua, na jambo hilo la pili linanisumbua kuliko kuhama kwa picha.

Ushauri wangu kwa mzee ulikuwa azikopeshe kwanza, kwa miaka mitano, kwa hati yenye orodha na sura ya kila picha, na haki ya familia kuzirudisha iwapo jengo litafungwa. Najua makumbusho hayawezi kutumia fedha nyingi kukarabati kitu kinachoweza kuondolewa kesho, kwa hiyo mkopo lazima uwe na mwisho: ama hiba kamili, ama kurudi nyumbani. Na kila picha iende na masimulizi yake kwa Kiswahili, yaliyorekodiwa.

Jumamosi iliyopita tulianza na picha ya Lumumba. Mzee alisimama mbele yake akasimulia kwa muda wa dakika arobaini, na mjukuu wake, aliyeshika simu ya kurekodia, alimkatiza mara tatu kumuuliza yule askari wa kulia ni nani.