Kukopi sio wizi, mimi kuchora ngozi nyeusi nimejifunzia kwa Velázquez

Kuna watu wakikukuta unakopi picha ya mchoraji mwingine wanakwambia hapohapo "wewe huna chako", na mimi nakataa, tena nakataa kwa uchungu, maana miaka minne nilikuwa nachora sura za watu wetu kwa kuchanganya kahawia ya kwenye tyubu na nyeusi basi, kila mtu anatoka kama kapakwa tope, na sikujua kosa liko wapi mpaka nilipokaa chini kukopi picha moja tu.

Picha yenyewe ni ya Juan de Pareja, Diego Velázquez, mchoraji wa Uhispania, aliichora Roma mwaka 1650, leo iko Metropolitan Museum, New York. Pareja alikuwa mtumwa wake, mtu mwenye asili ya Afrika, anamsaidia kazi za studio, na mwaka huohuo akaandikiwa hati ya uhuru ila kwa sharti atumike miaka minne zaidi. Hilo sharti linaniuma mpaka leo. Baadaye akawa mchoraji mwenyewe, kazi yake ya mwaka 1661 iko makumbusho ya Prado kule Madrid. Lakini mwangalie kwenye ile picha jamani, anakutazama usoni, shingo imenyooka, mkono umepita tumboni, unyonge haupo hata kidogo.

Makumbusho ya Metropolitan yenyewe imeiweka picha hiyo bure mtandaoni, unaishusha ikiwa kubwa kabisa, unaivuta mpaka unaona brashi ilipopita.

Nilianza na rangi ya mafuta, kahawia ya udongo niliyoilegeza kwa tapentaini, nikaweka giza na mwanga tu, hakuna rangi nyingine, nikaacha ikauke. Safu ya kwanza iwe na mafuta kidogo, mafuta ya kitani yaongezeke kwenye safu za juu, ukigeuza huo mpangilio picha itakuja kupasuka. (Na ukienda duka la vifaa vya ujenzi ukaomba rangi ya mafuta utapewa ya kupaka geti, hiyo sio yenyewe.)

Kwenye uso sasa ndio nikaelewa. Kukodoa macho hakusaidii, unayafinya, unatafuta kwanza wapi kuna giza kuliko pengine. Nikakuta paji la uso lina mwanga unaoelekea pinki, shavu lina udongo mwekundu na manjano, na upande wa kivulini kuna kijivu fulani kinachoenda kwenye kijani, ambacho ukikichanganya kwenye paleti unaona sio ngozi kabisa, ila ukikiweka mahali pake, pembeni ya ule wekundu, shavu linaonekana limeviringika lenyewe. Nyeusi tupu usoni niliitumia kidogo sana. Yaani ngozi nyeusi imejaa rangi, na hilo hakuna maelezo yangenifundisha, mkono ndio ulionifundisha, kwa kukosea na kufuta na kulinganisha tena.

Na hapa kwetu Dar tunakosoaje kukopi? Edward Saidi Tingatinga alifariki 1972, na ule mtindo wake wa kuchora wanyama umeendelea kwa sababu ndugu na wanafunzi walikaa pembeni ya fundi, wakaiga, wengine wakatoka na wanyama wao wenyewe. Pale Louvre, makumbusho ya Paris, wachoraji wanakopi tangu 1793, sharti mojawapo nakala isilingane ukubwa na picha halisi. Huo utaratibu naupenda, na mimi ya kwangu nimeifanya ndogo zaidi, nyuma nimeandika "nakala" na jina la Velázquez. Wizi ni kuficha hilo ukauza.

Sasa hivi niko kwenye kola ya Pareja, ile lesi nyeupe. Ukiwa mbali ni lesi kabisa, ukisogea ni nyeupe iliyopigwa harakaharaka, jamaa hajachora tundu hata moja kwa uangalifu, na mimi kila nikichora matundu inakufa. Nimeifuta mara tatu. Kesho najaribu na brashi kubwa zaidi, nikiwa nimesimama hatua mbili nyuma.